Jina la Duka na Imani ya Mnunuzi: Biashara ya Vito kutoka Mitaa ya Kariakoo hadi kwenye Tovuti

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wanunuzi wa vito jijini Dar es Salaam wanavyolipima jina la duka, na jinsi kipimo hicho kinavyobadilika duka linapohamia kwenye tovuti. Hoja kuu ni kwamba katika mazoea ya Kiswahili jina la duka ni kielekezi cha mtu na mahali kabla ya kuwa pambo. Duka lisilo na mlango linapoteza vielekezi hivyo, na hivyo jina na ukurasa wake hulazimika kubeba mzigo ambao zamani ulibebwa na uso wa sonara.

1.0 Utangulizi

Methali mbili za Kiswahili zinakinzana kuhusu thamani ya jina katika biashara. Ya kwanza husema: chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili husema: jina jema hung'ara gizani. Kwa mujibu wa methali ya kwanza, bidhaa njema haihitaji jina la kuipamba. Kwa mujibu wa ya pili, jina ndilo taa pale ambapo bidhaa haionekani. Mkinzano huu ni wa juu juu tu. Methali ya kwanza inahusu soko ambamo mnunuzi anakiona na kukishika kitu. Ya pili inahusu hali ambamo hakioni. Mnunuzi anayeagiza mkufu wa dhahabu kwa njia ya intaneti yumo katika giza hilo la pili.

Jambo hili si dogo. Kwa wanawake wengi wa mwambao, bangili, vidani na herini za dhahabu si mapambo tu bali ni akiba, mahari na urithi. Anayeuziwa madini mengine yaliyopakwa dhahabu juu anapoteza akiba ya miaka.

2.0 Jina kama kielekezi cha mtu

Msamiati wenyewe wa biashara hii unaonyesha njia ilikopitia. Maneno dhahabu, lulu na almasi yametufikia kupitia Kiarabu. Sonara na bangili yanatoka katika lugha za Bara Hindi. Katikati ya jiji, hususan Mtaa wa Indira Gandhi na mitaa inayouzunguka, maduka ya masonara yamedumu kwa muda mrefu, na mengi yamejulikana kwa majina ya watu au ya koo.

Mtindo huu unaafikiana na sarufi ya Kiswahili. Lugha hii hutaja mahali kwa kutumia kihusishi kwa kikifuatwa na jina la mtu: kwa sonara, kwa fundi, kwa Mama Fulani. Jiji la Dar es Salaam limejaa ushahidi wa mtindo huo: Mtoni kwa Azizi Ali, Tandale kwa Mtogole, Mwananyamala kwa Kopa. Hivyo, mnunuzi anapomwelekeza mwenzake dukani, kwa kawaida hataji maandishi ya kibao. Humtaja mwenye duka, kisha mtaa, kisha jengo jirani.

Sheria nayo inakaribiana na mazoea hayo. Sheria ya Usajili wa Majina ya Biashara, Sura ya 213, ambayo leo inasimamiwa na Wakala wa Usajili wa Biashara na Leseni (BRELA), inamtaka asajili jina yule anayefanya biashara kwa jina lisilo lake halisi. Kwa maneno mengine, jina la mtu huchukuliwa kuwa ndilo asili, na jina la kubuni ni vazi ambalo lazima ijulikane limevaliwa na nani.

3.0 Nani hulipa duka jina?

Mwenye duka hupendekeza jina. Umma ndio unaoliidhinisha. Mfano bora ni Kariakoo yenyewe. Jina hilo limetokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Wenyeji hawakufuata tahajia ya Kiingereza bali sauti walizozisikia, wakazipanga katika silabi zinazoishia na irabu. Jengo la soko lililobuniwa na msanifu Beda Amuli lilifunguliwa mwaka 1975, likaungua Julai 2021 na kuwalazimu wafanyabiashara wake kuhamia kwingine, lakini jina halikuungua.

Mfano wa pili unatoka katika vito. Mwaka 1967 jiwe la rangi ya buluu na zambarau lilipatikana Mererani, kaskazini mwa Tanzania. Kitaalamu ni aina ya zoisaiti, madini yaliyopewa jina la Zois, mkabaila wa Slovenia. Kampuni ya Tiffany & Co. ya New York iliona kwamba jina hilo halingewavutia wanunuzi, kwani kwa Kiingereza linakaribia sauti ya neno lenye maana ya kujiua. Mwaka 1968 ikaliingiza sokoni kwa jina jipya lililotokana na nchi ambayo yenyewe ilikuwa imepewa jina la Tanzania mwaka 1964 tu.

Umbo la neno hilo katika Kiswahili linafundisha. Watu husema tanzanaiti, yaani kwa matamshi ya Kiingereza. Jina lililoundwa kutokana na nchi yetu kwa ajili ya masikio ya mnunuzi wa mbali lilirudi nyumbani likiwa na lafudhi ya ugenini. Aidha, jina hilo halikuhakikisha kwamba faida ingebaki lilikotoka jiwe, kwani kwa miaka mingi sehemu kubwa ya tanzanaiti ilichongwa Jaipur, India. Jina zuri huuza, haligawi haki.

4.0 Jina na ukurasa katika tovuti

Katika tovuti jina hukabiliwa na majaribu matatu ambayo kibao cha Kariakoo hakikuyajua.

Jaribio la kwanza ni la masikio na tahajia. Habari za duka bado husafiri kwa mdomo, lakini anwani ya tovuti lazima iandikwe herufi kwa herufi. Katika Kiswahili kinachosikika ndicho kinachoandikwa, hivyo anayesikia Johari au Lulu huweza kuliandika bila kuuliza. Jina la Kiingereza lenye konsonanti maradufu humpoteza mnunuzi njiani, hata kama lina haiba ya kigeni.

Jaribio la pili ni la mipaka ya maneno, kwa kuwa anwani ya tovuti haina nafasi. Tuchukue jina la kubuni, Kito Vuai. Likiandikwa kitovuai, jicho la Mswahili husoma kwanza kitovu. Dosari ya namna hii haionekani kwenye kibao. Huzaliwa siku anwani inapoandikwa.

Jaribio la tatu ndilo zito zaidi, nalo ni la uthibitisho. Dukani mnunuzi hukishika kidani, hukipima kwenye mizani na kutazama alama yake. Dhahabu ya karati 22 ina sehemu 22 za dhahabu kati ya 24, na hugongwa alama 916. Ya karati 18 hugongwa 750, yaani robo tatu. Ukurasa unaoonyesha picha inayong'aa bila kutaja karati, uzito wa gramu wala bei unamtaka mnunuzi anunue mbuzi kwenye gunia. Kutotaja bei kunaweza kutetewa kama mwendelezo wa desturi ya kupatana, lakini dukani mnunuzi hupatana akiwa ameshika kitu mkononi na anaweza kuondoka. Kwenye tovuti hulipa kwa simu kwanza, kisha husubiri.

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 ina vifungu vya kumlinda mlaji. Hata hivyo, mlaji hawezi kumshitaki asiyemjua. Ndiyo sababu swali la kawaida la mnunuzi, "Duka lenu lipo mtaa gani?", lisichukuliwe kuwa ni ushamba wa mtu asiyeuzoea mtandao. Ni dai la kielekezi kilichopotea: anauliza kwa nani, na wapi.

5.0 Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba maoni ya mnunuzi juu ya jina la duka si suala la ladha peke yake. Katika Kiswahili jina linatarajiwa kumwelekeza mtu kwa mtu. Duka la vito la mtandaoni litakalochagua jina linaloandikika kama linavyosikika, likataja mwenyewe, mtaa, karati, gramu na bei, litakuwa limeirejesha kwa ya masonara wa zamani katika umbo jipya. Lisilofanya hivyo, hata likiitwa kwa jina la kito adimu kuliko vyote, litakuwa limening'iniza kibao mahali pasipo na mlango. Methali zetu mbili hukutana hapo: jina jema hung'ara gizani, mradi nyuma yake pawe na chema cha kujiuza.