Masista 678 na ugonjwa wa kusahau



Mwaka jana bibi yangu mzaa mama aliniuliza, "We kijana, mtoto wa nani?" Nikacheka. Si mnajua bibi na wajukuu wanavyotaniana. Kumbe hatanii. Siku chache baadaye, baada ya sala ya jumuiya, mama mmoja akasema kwa sauti ya huruma kabisa kwamba aliyesali vizuri ujanani, Mungu hamwachi achanganyikiwe uzeeni. Nilinyamaza, lakini neno lile lilinichoma. Tangu nimfahamu, bibi hajawahi kukosa rozari ya jioni.

Ndiyo maana nilipokutana na utafiti huu wa sayansi ya ubongo niliusoma hadi usiku wa manane. Leo tujifunze pamoja.

Mwaka 1986 mtafiti David Snowdon, akiwa Chuo Kikuu cha Minnesota nchini Marekani, alianza kuwafuatilia masista wazee wa shirika la School Sisters of Notre Dame. Baadaye alihamia na kazi hiyo Chuo Kikuu cha Kentucky. Kwa nini masista? Ukilinganisha wazee wa mtaani, huyu alivuta sigara, yule alizaa watoto tisa, mwingine hakuwa na hela ya hospitali. Hujui kipi kilisababisha nini. Masista hawa waliishi nyumba zinazofanana, walikula chakula cha aina moja, wengi wao walikuwa walimu, na walisali pamoja miaka yote.

Waliojiunga walikuwa 678, wote wa miaka 75 na zaidi. Walipimwa kumbukumbu mara kwa mara: unatajiwa maneno kadhaa, unashughulishwa na jambo jingine, kisha unaulizwa uyataje. Na walikubali jambo zito zaidi, kwamba wakifariki ubongo wao utolewe uchunguzwe. Jamani, mimi hata kuchangia damu nilisitasita.

Sasa sikiliza. Wengi wao waliugua. Wanawake waliosali kila siku kwa miaka zaidi ya hamsini walipata ugonjwa wa Alzheimer, wakasahau majina ya wenzao. Kwa hiyo neno la yule mama halisimami. Ni ugonjwa kama kisukari ni ugonjwa.

Lakini ubongo wenyewe ulileta mshangao. Yupo mmoja ambaye watafiti wanamwita Sista Mary. Alifundisha mpaka akiwa na miaka 84, akafariki akiwa na 101, na vipimo vyake vya akili vilikuwa vizuri karibu mpaka mwisho. Walipochunguza ubongo wake wakakuta alama za Alzheimer zimejaa! Wengine walikuwa na alama chache kuliko zake, na walikuwa wamechanganyikiwa kabisa. Sababu mojawapo iliyoonekana ni viharusi vidogo vidogo: waliokuwa na alama za Alzheimer pamoja na viharusi hivyo ndio walioonyesha ugonjwa zaidi. Basi presha ya bibi yako si jambo la kupuuza.

Kuna na habari ya maandishi. Kabla ya nadhiri, wakiwa na miaka kama 22, masista walikuwa wameandika kwa ufupi maisha yao, na karatasi zilitunzwa. Watafiti wakahesabu mawazo mangapi yamo katika kila maneno kumi. Walioandika mawazo machache ndio walioonekana kuugua zaidi uzeeni, miaka kama 60 baadaye. Usikimbilie daftari bado. Utafiti haukuonyesha kama wingi wa mawazo ulikuwa kinga, au uchache wake ulikuwa dalili iliyoanza mapema. Mimi binafsi naona watu wanaipenda mno sehemu hii kwa sababu inatupa kitu cha kufanya, huku wakiwasahau masista wenyewe waliotoa ubongo wao kwa ajili ya bibi za watu wasiowajua.

Jumapili iliyopita nilikaa na bibi kusali rozari. Jina langu hakulikumbuka. Nikaanza kutaja matendo ya furaha, akanishika mkono.

"We kijana, leo Jumapili. Ni ya utukufu."