Wauza Gesi wa Handeni na Korogwe, Faili Lenu Liwe Moja

Una duka la gesi Manundu, Chanika, Mombo au pale Mkata barabarani. Mitungi ipo, wateja wapo. Kinachokuchosha ni karatasi. Leo unatafutwa na afisa biashara, kesho Wakala wa Vipimo, keshokutwa Zimamoto. Kila safari ya ofisini unafunga duka, au unamwachia mdogo wako ambaye hata kukagua mpira wa mtungi hajajua.

Hiyo kazi usiifanye peke yako. Tafuta wenzako kumi au kumi na wawili wa Handeni na Korogwe, muifanye pamoja. Nauli moja, mtunza faili mmoja, kalenda moja, jiwe moja la mizani. Nakueleza namna.

Kwanza jua milango unayotakiwa kugonga. Gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay inasafiri kwa bomba hadi Dar es Salaam. Kwenu inakuja ya mitungi, kwa lori. Lakini msimamizi ni yuleyule, EWURA, na sheria yake ni ya Petroli ya mwaka 2015. Halafu kuna halmashauri kwa leseni ya biashara, Wakala wa Vipimo kwa mizani, Zimamoto kwa kinga ya moto, OSHA kwa usalama mahali pa kazi, na TRA kwa kodi. Milango sita. Mwenye mitungi thelathini hawezi kuigonga yote kila mwaka na bado akauza.

Kuchangia huduma si jambo geni kwenu. Maji ya Handeni kwa miaka mingi yamechotwa Mto Pangani, upande wa Korogwe, yakapandishwa na mradi wa HTM. Wilaya mbili, bomba moja. Hata huko Georgia, Marekani, miji midogo inayomiliki mabomba yake ya gesi iliungana, na mwaka 1987 ikapata chombo chao kinachoitwa Municipal Gas Authority of Georgia. Mji mdogo hauwezi kumlipa peke yake mtu anayejua kanuni zote za usalama wa gesi. Ikichanga mingi, analipika.

Piga hesabu ya kwako. Tuseme safari ya Tanga mjini inakula shilingi 30,000, nauli na chakula. Mkienda watu 12 kila mmoja kivyake, zimetoka 360,000 na maduka 12 yamefungwa siku nzima. Akienda mmoja na mafaili 12 kwenye begi, kila duka limetoa 2,500. Mpeni na posho ya 20,000. Bado kila mtu hajafikisha 4,500, na duka lako liko wazi.

Mimi niliwahi kupanda gari kwenda Tanga mara tatu kwa karatasi moja. Mara ya kwanza sikubeba nakala ya mkataba wa pango. Mara ya pili mhusika alikuwa safarini. Mara ya tatu nikafanikiwa, nikarudi dukani nikakuta wateja wangu wawili wakubwa wamehamia kwa jirani. Hilo lilinifundisha kupiga simu kabla ya kupanda gari.

Sasa tafuta watu. Usianze na katiba, anza na wenzako unaowaamini. Angalia duka lake: mitungi imesimama wima? Mizani ipo? Lakiri za mitungi hazijaguswa? Huyo mchukue. Yule anayehamisha gesi kienyeji, kutoka mtungi mkubwa kwenda mdogo, usimwingize hata kama ni shemeji yako. Ni kosa kisheria, ni hatari, na siku akikamatwa au akilipukiwa, jina la kikundi chenu litatajwa naye.

Mkishapatana, nendeni kwa afisa maendeleo ya jamii mkasajili kikundi. Katiba ya kurasa mbili inatosha. Iseme mambo matatu bila kuzunguka: mchango ni kiasi gani na unalipwa tarehe ngapi, fedha inakaa wapi na nani wanaidhinisha kuitoa, na asiyelipa miezi miwili anafanywaje. Fedha isikae kwa mtu. Fungueni akaunti ya benki au tumieni M-Koba, kila mwanachama aone kinachoingia na kinachotoka.

Jueni pia mpaka wa umoja wenu: mnachangia huduma, hamchangii leseni. Leseni ya duka la Mombo haifanyi kazi Kabuku. Cheti cha Zimamoto ni cha jengo lile lililokaguliwa. Namba ya mlipakodi ni ya mtu au kampuni yake. Anayekuambia "tumia ya kwangu, sisi ni kikundi" anakuweka matatani.

Na msikae kwenye kikao cha kikundi mkapanga bei. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza washindani kukubaliana bei, na Tume ya Ushindani inafuatilia. Bei kila mtu abaki nayo dukani kwake. Likianza hilo zungumzo, mwenyekiti alikate hapohapo na katibu aandike kwamba limekatwa.

Mtu wa muhimu kuliko mwenyekiti ni mtunza faili. Mtafute kijana aliyemaliza sekondari, mwenye simu janja, mwaminifu, asiyeona aibu kuuliza ofisini. Mlipeni kila mwezi, hata kama ni kidogo. Kazi ya kujitolea huwa inakufa mwezi wa tatu.

Mpeni kazi zilizo wazi. Kila duka liwe na faili lake gumu na nakala kwenye simu. Ndani yake: kitambulisho cha NIDA, TIN, mkataba wa pango, uthibitisho wa kodi, leseni ya biashara, cheti cha Zimamoto, usajili wa OSHA, karatasi ya kupimwa mizani, barua au mkataba kutoka kwa msambazaji wa mitungi, na picha nne za duka: mbele, ndani, kizimba cha mitungi, na kizimamoto kilipotundikwa. Ofisa akiuliza kitu, kinatumwa kabla hujamaliza kunywa chai.

Maombi ya leseni ya biashara siku hizi yanapita kwenye mfumo wa TAUSI. Mtunza faili ajifunze huo mfumo vizuri, aingize maombi huku mwenye duka yuko pembeni. Nywila abaki nayo mwenye duka. Malipo yote ya serikali yafanywe kwa kontroo namba, na risiti iingie kwenye faili siku hiyohiyo. Anayetaka noti mkononi, mwambie kwa heshima kwamba kikundi chenu hakina utaratibu huo.

Nunueni kalenda kubwa ya ukutani. Andikeni tarehe ya mwisho ya kila karatasi ya kila duka, kisha rudini nyuma siku 60 mkaweke alama nyekundu. Siku ya alama ndiyo siku ya kuanza kazi. Ukisubiri tarehe yenyewe, umechelewa.

Tuje kwenye mizani. Hapa nataka ukae nami kidogo, maana hapa ndipo mteja anapokuamini au anapokukimbia.

Muuzaji wa gesi anatakiwa kuwa na mizani dukani na kumpimia mteja mtungi kabla hajalipa. Usingoje aombe. Kwenye shingo ya mtungi kuna uzito wa mtungi mtupu, mara nyingi umeandikwa kwa herufi TW. Jumlisha na uzito wa gesi. Mtungi wa kilo 6 wenye TW 7.4 lazima usome 13.4 kwenye mizani. Wa kilo 15 wenye TW 16.2 usome 31.2. Mwonyeshe mteja herufi, mwonyeshe mizani, ajumlishe mwenyewe. Dakika moja tu.

Mizani yenyewe inahakikiwa na Wakala wa Vipimo kila mwaka na kupigwa stempu au kubandikwa stika. Ukinunua mpya, chagua ile inayokubalika kwa biashara. Zile za jikoni zisikuvutie kwa bei, hazitapita. Maofisa wa Vipimo wana kawaida ya kuweka vituo na kuwakusanya watu wenye mizani, kwa hiyo ninyi waandikieni mapema: tuna mizani 12, sita Korogwe, sita Handeni, tunaomba siku mbili. Kituo cha kwanza Korogwe mjini, cha pili Chanika. Msipange siku ya gulio, mtakosa mauzo. Mizani ibebwe ndani ya boksi lake na mtu aishike mapajani. Ikirushwa nyuma ya pikapu kilomita 65 za Handeni, itafika imeyumba.

Mwaka una wiki 52, na stempu inathibitisha mizani siku ile ilipopimwa tu. Katikati mjipime wenyewe. Nunueni kwa pamoja jiwe moja la mizani la kilo 20 lililohakikiwa. Lizunguke: wiki hii Manundu, wiki ijayo Mombo, kisha Mkata. Weka jiwe juu ya mizani. Ikisoma 20, andika kwenye daftari, tia sahihi. Isiposoma 20, mizani hiyo isimamishe kazi mpaka fundi anayetambuliwa na Wakala wa Vipimo aitazame. Usiifungue mwenyewe na bisibisi, ukivunja lakiri umeharibu uhakiki wote.

Pimeni pia mitungi inaposhushwa kwenye lori, kabla hujasaini kuipokea. Uliopungua uweke kando, upige picha TW, lakiri na usomaji wa mizani, kisha urudishe. Hapa umoja unalipa haraka. Duka moja likilalamika, msambazaji atasema mizani yako mbovu. Maduka matano yakimwonyesha picha za mzigo wa siku moja, mizani zote zina stempu, atasikiliza.

Kila miezi mitatu kagueni maduka ninyi kwa ninyi, lakini jirani asimkague jirani. Ataona haya kusema ukweli. Wa Mombo aende Mkata, wa Chanika aende Hale. Aangalie mitungi imesimama, iliyojaa na mitupu imetengwa, kizimba kina hewa hadi chini, hakuna mfereji, shimo wala jiko karibu, swichi ziko mbali, kizimamoto cha poda kina tarehe hai na mshale uko kwenye kijani, hakuna anayelala humo. Hewa ya chini naisisitiza kwa sababu gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi darini. Inatambaa sakafuni, inajaa kwenye shimo, inasubiri cheche. Dirisha la juu peke yake halikusaidii.

Na mtungi mtupu si mtupu kweli. Una mabaki. Funga valvu yake, weka kifuniko, usiulaze.

Mara moja kwa mwaka waombeni Zimamoto siku ya mafunzo. Mkusanyike wote, pamoja na wasaidizi wa dukani na bodaboda wenu wanaopeleka mitungi majumbani. Bodaboda hasa. Ndiye anayeingia jikoni kwa mteja, na ndiye anayefunga mtungi ukiwa umelala nyuma ya pikipiki. Ajifunze kuufunga wima, kupima uvujaji kwa povu la sabuni badala ya kiberiti, na kumwonyesha mama mwenye nyumba namna ya kufunga valvu. Kila mtu ashike kizimamoto azime moto wa kweli. Orodha ya mahudhurio yenye sahihi iingie kwenye faili, wakaguzi huipenda.

Namba ya Zimamoto ni 114. Ibandikwe kila duka, kwa maandishi makubwa. Chini yake andikeni: funga valvu, usiwashe wala kuzima taa, fungua milango, toka nje, piga simu ukiwa mbali. Moto ukitoka kwenye valvu isiyofungika, waondoe watu kwanza.

Kwa EWURA andikeni barua moja ya kikundi. Orodhesha kila duka, kiasi cha mitungi kinachowekwa kwa wakati mmoja, nani analiletea mzigo, na kama linauza rejareja tu au linasambaza kwa maduka mengine. Ombeni waeleze kwa maandishi kila duka linaangukia wapi na linahitaji nini. Maombi yao ya leseni ni ya mtandaoni, mtunza faili atayamudu. Jibu la maandishi litunzwe, mtalionyesha kwa kila mkaguzi atakayekuja na maelezo tofauti.

Mkishafanya hivi kwa miezi sita, kuna soko linawasubiri. Serikali ilizitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziache kuni na mkaa kufikia mwisho wa Januari 2024, na mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia unalenga asilimia 80 ya Watanzania ifikapo 2034. Shule za bweni za Korogwe na Handeni zina majiko makubwa na wapishi waliozoea kuni. Mkuu wa shule anaogopa gesi, na ana haki. Mpelekee faili: mizani yenye stempu, vyeti vya moto, ratiba ya kukagua mipira na regulata, mafunzo kwa wapishi wake. Duka moja haliwezi kumpa yote hayo. Kikundi kinaweza.

Jumatatu hii piga simu nne: mbili Korogwe, mbili Handeni. Mkutane mahali pa katikati, kila mtu aje na karatasi zake zote kwenye mfuko wa rambo, hata zilizokwisha muda. Zimwageni mezani. Mtaona wenyewe nani ana kipi na nani hana, na hiyo ndiyo orodha ya kazi ya mwezi wa kwanza.