Pono na Asili ya Majina Yake

Mzee wa Vitongoji akimwona mwanawe angali kitandani na jua limekwisha panda, humwambia, "Una usingizi kama wa pono." Waingereza nao humwita samaki huyu samaki-kasuku. Basi na tuangalie kila watu waliona nini.

Waingereza walitazama rangi zake za kijani na buluu, na zaidi ya hayo kinywa chake. Meno ya pono yameshikamana hata yakawa kama mdomo wa ndege. Kwa mdomo huo hukwangua mwamba apate kula mimea midogo iotayo juu yake. Mawe anayomeza husagwa kooni, yakatoka mchanga mweupe. Na mchanga mwingi wa pwani zenye matumbawe umepita matumboni mwa pono.

Wataalamu wana jina lao. Peter Forsskål alitumwa Arabuni na mfalme wa Denmark, akafa Yemen mwaka 1763, na kitabu chake kikapigwa chapa mwaka 1775. Aina moja ya pono, ipatikanayo hata Pemba, aliiita Scarus ghobban. Neno hilo la pili alilipata kwa Waarabu wa Bahari ya Sham. Kumbe bingwa naye alifundishwa na wenyeji!

Lakini watu wa pwani yetu walimtazama pono usiku. Baadhi ya pono, wakitaka kulala, hutoa ute wakajifunika mwili mzima, mfano wa mtu aliye ndani ya chandalua. Mwaka 2010 wataalamu wa Australia walieleza ya kuwa utando huo huwakinga na vidudu vifyonzavyo damu. Walakini haumzuii mwenye taa na mkuki, ambaye humkuta pono amelala asijue lolote.

Hapo ndipo penye hasara. Pono wengi huanza maisha wakiwa majike, na baadhi yao hugeuka madume wakubwa wenye rangi kali. Mvuvi achaguaye wakubwa kila usiku huondoa madume hayo kwanza. Na pono wakipungua, mimea husonga matumbawe, hata changu na chewa wakakosa makao.

Mwalimu aweza kununua kichwa cha pono sokoni. Awaonyeshe wanafunzi mdomo ule, kisha apasue koo, waguse kwa vidole mifupa isagayo mawe.