Insha ya Mdokezo: Zoezi la Vikaratasi

Katika Karatasi ya Kwanza ya Kiswahili utaandika insha mbili kwa muda wa saa 1¾. Ya kwanza ni ya lazima. Ya pili utaichagua kutoka kwa tatu zilizosalia. Kila insha ina alama 20 na haipaswi kupungua maneno 400. Miongoni mwa zile tatu, mara nyingi huwemo mdokezo: unapewa maneno ya kuanzia au ya kumalizia kisa chako.

Hapa ndipo wengi hunaswa. Wamekariri kisa kimoja cha ajali au cha wizi, nao hukibandika kwenye kila swali. Nilipokuwa mwalimu mchanga, mwanafunzi wangu mmoja hodari aliandika kisa cha ajali ya matatu chini ya mdokezo uliohusu barua. Barua ilitajwa mara mbili tu, mwanzoni na mwishoni. Lugha ilikuwa safi, lakini swali halikujibiwa. Alama alizopata zilimliza. Kosa lilikuwa langu pia, kwani mimi ndiye niliyempa insha ile aikariri. Tangu siku hiyo darasa langu halikariri insha, linachomoa vikaratasi.

Hatua za zoezi

1. Tayarisha vikaratasi 30: 10 vya watu (nyanya, kondakta, mlinzi wa usiku), 10 vya mahali (kisimani, kituo cha matatu, jikoni) na 10 vya vitu (ufunguo, kiatu kimoja cha mtoto, barua isiyofunguliwa). Tia kila kundi katika mkebe wake.
2. Bila kuangalia, chomoa kikaratasi kimoja katika kila mkebe. Usikirudishe hata ukiona havipatani.
3. Andika kwa dakika 10 mfululizo. Usifute wala usirekebishe. Ukikwama, andika tena jina la kile kitu mpaka wazo jingine lije.
4. Soma ulichoandika, kisha upigie mstari sentensi moja yenye uhai. Hiyo ndiyo mbegu ya kisa.
5. Jiulize: Nani anataka nini? Nini kinamzuia? Mambo yanageuka wapi? Majibu yako ndiyo vidokezo vya insha.

Kwa nini tubahatishe?

Gianni Rodari, mwandishi Mwitaliano aliyewahi kuwa mwalimu, alieleza katika kitabu chake *Grammatica della fantasia* (1973) kwamba neno moja pekee halitoshi kuzaa kisa. Linahitaji kukutana na jingine lililo mbali nalo. Mfano wake ni mbwa na kabati. Jaribu mwenyewe: mbwa na mfupa havikuulizi chochote, lakini mbwa ndani ya kabati anakulazimisha kuuliza nani aliyemficha humo.

Mfano

Nilichomoa *nyanya*, *kituo cha matatu* na *kiatu kimoja cha mtoto*. Nikaandika:

*Nyanya aliketi kituoni, kiatu kimoja cha mtoto kikiwa mapajani mwake. Matatu zilikuja, zikaondoka. "Nyanya, twende!" kondakta alimwita. Alitikisa kichwa. "Namngoja mwenye hiki," alijibu. Kilikuwa cha mjomba wangu, aliyepotelea mjini miaka ishirini iliyopita.*

Tazama: hakuna jambazi wala damu, lakini unataka kujua kilichompata mjomba.

Katika chumba cha mtihani

Humo hamna mikebe. Mdokezo wenyewe ndio kikaratasi chako. Unakili jinsi ulivyo, bila kubadilisha hata neno. Tumia dakika 5 kuandaa vidokezo: ni nani anayesema maneno haya, na yanahusu nini? Ukiambiwa umalizie kwa maneno fulani, amua mwisho kwanza, kisha urudi nyuma hadi mwanzo. Wazo la kwanza lisikilize, ila liulize kama linajibu swali. Bakisha muda wa kukagua sarufi, tahajia na aya.

Zoezi

Fanya zoezi la vikaratasi mara tatu kwa wiki. Kisha andika insha mbili kamili:

(a) Anza kwa: *Niliitazama ile barua tena, nikajua kwamba singeweza kunyamaza…*

(b) Malizia kwa: *…hapo ndipo nilipotambua kuwa aliyebisha hodi hakuwa mgeni.*

Usitafute kisa ulichokikariri. Mdokezo huu unakihitaji kisa chake, nawe unacho.