Somo la Jiografia: Mpango wa Mji Hupimwa Upya

Fundi cherehani hampimi mtoto mara moja akamshonea nguo za maisha yake yote. Mtoto hukua, na kipimo cha mwaka juzi hakimfai tena. Mji nao ni vivyo hivyo. Katika somo hili tutautazama mji wa Zanzibar, maana umepimwa mara nyingi, na kila mara umeacha funzo.

Kwanza yafaa tujue maana ya mpango mkuu wa mji. Ni ramani pamoja na maelezo yake, ionyeshayo kila sehemu ya ardhi itumiwe kwa kazi gani: hapa nyumba, pale soko, kule shule, na pengine mashamba yasiyoguswa. Bila ya mpango, kila mtu hujenga apendapo, na siku ikitakiwa njia ya maji au barabara hapana pa kuipitisha ila kwa kubomoa nyumba ya mtu.

Zamani mji wa Zanzibar ulikuwa na sehemu mbili zilizotengwa na mkono wa bahari: Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na upande wa pili nyumba nyingi za miti na udongo. Maji yale yalifukiwa, lakini upande wa pili huitwa Ng'ambo hata leo. Mpango wa kwanza uliandikwa na H. V. Lanchester wa Uingereza mwaka 1923. Ukafuata wa Henry Kendall mwaka 1958. Kisha wa Hubert Scholz, kutoka Ujerumani ya Mashariki, mwaka 1968. Na baadaye wa wataalamu wa China mwaka 1982.

Tutazame miwili ya mwisho. Mpango wa 1968 ulikusudia kuondoa nyumba za udongo za Ng'ambo na kuweka majumba ya ghorofa mahali pake. Ndipo yalipojengwa majumba marefu ya Michenzani. Waliopewa nyumba humo walipata makao imara. Lakini ili yajengwe, nyumba nyingi zilibomolewa, na majirani waliozoea kuzungumza barazani jioni wakatawanyika. Kazi ile haikumalizika kama ilivyochorwa. Funzo la kwanza ni hili: anayepima nyumba asisahau kupima na maisha ya waliomo.

Baada ya 1982 jambo lilikuwa jingine. Viwanja vilipimwa polepole, nao watu waliongezeka upesi. Wakajenga walipopata, hata kwenye mashamba na mabonde. Mvua ikinyesha, maji hurudi kwenye njia yake ya zamani, na siku hizo njia ni sebule ya mtu. Watu hao si wakaidi. Walihitaji kulala, na ramani haikuwangojea. Funzo la pili: mpango usiofanywa upya kwa wakati huachwa nyuma na mji wake. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Sasa tufanye hesabu. Mkoa wa Mjini Magharibi, wenye mji huo na viunga vyake, ulikuwa na watu 593,678 katika hesabu ya mwaka 2012. Mwaka 2022 walikuwa 893,169. Ongezeko ni watu 299,491 kwa miaka 10. Tukikadiria watu 5 katika kila nyumba, zilihitajika nyumba karibu 60,000, yaani nyumba 16 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwamo. Na kama kila nyumba ingepewa kiwanja cha mita 15 kwa 20, viwanja peke yake vingekula kilomita 18 za mraba, kabla ya kuweka barabara, shule au makaburi. Unguja ni kisiwa. Ardhi yake haiongezeki. Ndiyo sababu wapangaji huuliza: tupande juu kwa ghorofa, au tuendelee kula mashamba?

Jibu la swali hilo haliwezi kutolewa na mtaalamu peke yake. Anayefanya mpango upya huanza kwa kuhesabu watu na kuangalia kilichopo: visima, mitaro, misikiti, njia za miguu, miti ya kivuli. Kisha hukadiria watu watakaokuja, huchora, na huwaonyesha wenyeji ili waseme kabla ramani haijapitishwa. Katika miaka ya 2010 Zanzibar ilifanya kazi ya namna hiyo, iliyoitwa Ng'ambo Tuitakayo, kwa msaada wa jiji la Amsterdam. Wenyeji waliulizwa ni mahali gani katika mitaa yao pana thamani kwao. Jina lenyewe lasema mengi: si Ng'ambo waitakayo wengine.

Wazazi nao wana sehemu yao. Ukisikia mkutano wa mipango umeitishwa mtaani, nenda. Asiyekuwapo wakati penseli inachora asistaajabu akilikuta tingatinga mlangoni.

Zoezi
1. Chora ramani ya mtaa wako. Onyesha nyumba, njia, visima, na mahali maji ya mvua yapitapo.
2. Fanya tena hesabu ya hapo juu kwa kudhani kila nyumba ina watu 6. Ni nyumba ngapi zingehitajika?
3. Waulize wazee watatu: ni kitu gani cha mtaa wenu wasingependa kibomolewe, na kwa nini?
4. Ghorofa au viwanja? Andika hoja mbili kwa kila upande, kisha utoe uamuzi wako.