JACKIE McLEAN: MWANAFUNZI ALIYEKUWA MWALIMU

Neno "jazz" si geni kwako. Bendi zetu za dansi za zamani zilijiita hivyo: Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Lakini muziki wenyewe wa jazz ulianzishwa na watu weusi wa Marekani, mwanzoni mwa karne ya 20. Leo tutasoma habari za mtu mmoja wa huko aliyeupiga kwa saksafoni. Jina lake ni Jackie McLean. Tutaona alivyojifunza, alivyoanguka, na alivyoinuka akawafundisha wengine.

Saksafoni ni kitu gani?

Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, fundi wa Ubelgiji. Alipata hati ya ubunifu wake huko Paris mwaka 1846. Chombo hiki ni bomba la shaba lenye vitundu na vifuniko vyake. Lakini sauti yake haianzii kwenye shaba. Inaanzia mdomoni, kwenye kipande chembamba cha tete. Mpigaji akipuliza, tete hutikisika na kutoa sauti, kama ilivyo katika zumari ya pwani. Vidole vikibonyeza vifuniko, sauti hupanda au hushuka.

Mpigaji wa jazz hapigi wimbo vile vile kila siku. Akishapiga wimbo wenyewe, hubuni mengine papo hapo, kama manju wa ngoma anayetunga maneno mapya uwanjani. Lakini usidhani kwamba kubuni ni kubahatisha. Wewe hukuandika barua kabla ya kujua herufi. Naye mpigaji kwanza hujifunza sauti moja moja, kila siku, hata majirani wachoke.

Shule ya mtaani

McLean alizaliwa New York mwaka 1931. Baba yake alikuwa mpiga gita, lakini alifariki mtoto akiwa bado mdogo. Kijana alikulia Harlem, mtaa wa watu weusi. Baba yake wa kambo alikuwa na duka la santuri. McLean alisaidia kazi dukani, huku akisikiliza muziki. Aliyempenda kupita wote ni Charlie Parker, mpiga saksafoni mashuhuri.

Siku moja aliingia dukani kijana mmoja, akasema ati yeye ni mdogo wake Bud Powell. Huyo Powell alikuwa mpiga piano hodari sana. McLean hakuamini. Kumbe ni kweli! Basi akapelekwa nyumbani kwa Powell. Powell hakumfukuza. Alimkaribisha, na McLean akawa anakwenda huko mara kwa mara. Mmoja anapiga piano, mwingine anafuata kwa saksafoni. Hakuna aliyempa cheti kwa masomo hayo, lakini ilikuwa shule kamili.

Mwaka 1951 Miles Davis, mpiga tarumbeta, alimchukua McLean kurekodi santuri. Alikuwa na umri wa miaka 20 tu. Charlie Parker mwenyewe alikuja kusikiliza. Hebu fikiri: unapiga mbele ya mtu unayemwiga! Kijana aliingiwa na hofu, lakini alipiga hivyo hivyo mpaka kazi ikaisha.

Baadaye alipiga katika bendi ya Charles Mingus. Mingus alimsukuma aache kumwiga Parker, atafute sauti yake mwenyewe. Hilo nalo ni somo. Kuiga ni mlango wa kuingilia, lakini mtu hakai mlangoni siku zote.

Kuanguka

Sasa tunafika kwenye habari ya huzuni. Parker alikuwa mtumwa wa heroini. Alifariki mwaka 1955, akiwa na miaka 34. Vijana wengi walidhani kwamba ukitumia dawa zile utapiga kama yeye. McLean naye aliingia humo angali kijana.

Zamani zile mjini New York, mwanamuziki hakuruhusiwa kufanya kazi katika vilabu vya pombe bila kadi ya polisi. Sheria hiyo ilikuwapo tangu mwaka 1940 hadi 1967. McLean alinyang'anywa kadi yake kwa ajili ya dawa za kulevya. Alifungwa jela pia. Alikuwa na mke na watoto, naye hana ruhusa ya kufanya kazi aliyoijua. Alijishikiza kwa kurekodi santuri na kupiga muziki katika mchezo wa kuigiza, kwa sababu huko kadi haikutakiwa.

Kuinuka na kufundisha

McLean alifaulu kuacha dawa hizo. Mwaka 1968 alianza kufundisha katika Chuo Kikuu cha Hartford, jimbo la Connecticut. Alifundisha muziki wa watu weusi na historia yake. Mwaka 1970 yeye, mke wake Dollie na wenzao walianzisha kituo cha sanaa mjini humo, kiitwacho Artists Collective. Vijana wa mitaa ya watu wa kipato cha chini walifundishwa muziki, ngoma, maigizo na uchoraji. McLean hakuwaficha maisha yake ya nyuma. Aliyajua madhara ya dawa, akayasema.

Mmoja wa wanafunzi wake, Jimmy Greene, aliyezaliwa mwaka 1975, alikuwa mpiga saksafoni na mwalimu wa chuo kikuu. McLean alifariki mwaka 2006. Lakini tazama mlolongo huo: Powell alimfundisha McLean, McLean akamfundisha Greene, na Greene akafundisha wengine.

Nasi tujiulize

Ndugu msomaji, katika kijiji chako yuko mzee anayejua kupiga marimba au zeze. Yuko mama anayejua kufinyanga vyungu. Je, nani anakaa karibu nao kujifunza? Mzee akiondoka bila mwanafunzi, ujuzi wake unazikwa pamoja naye. Na wewe uliyejifunza kusoma ukubwani, una cha kumpa mwenzako. Usingoje mpaka ujue yote. Powell alifungua mlango wake tu, mengine yakafuata.

Maneno mapya

Santuri: sahani ya kupigia muziki katika gramafoni.
Manju: kiongozi na mtunzi wa nyimbo za ngoma.
Tete: mmea wa jamii ya mwanzi.
Mlolongo: mfuatano wa vitu au watu.

Maswali ya kujadiliana

1. Sauti ya saksafoni inaanzia wapi?
2. McLean alijifunza nini kwa Powell, na nini kwa Mingus?
3. Kwa nini kunyang'anywa kadi kulimwumiza sana?
4. Taja ujuzi mmoja unaoweza kupotea kijijini kwenu. Mtafanya nini ili usipotee?