SOMO: NOAH NI NOAH
(Habari ya duka la vipuri, kijana asiyejua, na mteja mwenye haraka)



Katika somo letu la leo tutazungumza juu ya jambo ambalo wengi wetu tumekutana nalo, yaani sisi wenye gari, pikipiki, trekta au hata mashine ya kusaga. Mtu anaingia katika duka la vipuri hapa Dodoma mjini, anakuta kijana amesimama kaunta ambaye hajui kutofautisha beringi na bushi. Anaombwa hiki, analeta kile. Anaulizwa bei, anapiga simu kwa mwenye duka. Mteja anapanda hasira. Nimewaona wazee wenye heshima zao wakipiga meza na kusema maneno ambayo wasingependa watoto wao wayasikie.

Mimi nami ni mmoja wao. Kwa hiyo siandiki kama mwalimu aliye juu ya wengine, bali kama mtu aliyekosa na ambaye angependa wengine wajifunze kwa kosa lake.

1. HABARI YENYEWE

Tulikuwa na safari ya kwenda Iringa kwenye mazishi. Tulikuwa watu saba katika Noah moja, wawili wetu watoto. Siku moja kabla ya safari fundi aliniambia kwamba pedi za breki za mbele zimekwisha. Nikaenda haraka katika duka moja mjini. Kijana akanipokea vizuri.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nataka pedi za breki za mbele za Noah."

"Noah ipi, mzee?"

Mimi nikajibu, "Noah ni Noah, mwanangu. Fanya upesi, nina safari."

Akaangalia rafu ya kwanza, akaangalia ya pili, akashusha boksi moja na kulifungua. Akazitazama zile pedi kwa muda, kisha akasema, "Itaingia, mzee." Nikalipa, nikaondoka.

Gereji fundi alipata taabu. Pedi hazikukaa sawasawa mahali pake. Akaniambia, "Mzee, hizi si zenyewe, lakini nikizipunguza kidogo zitakaa." Nikamwambia apunguze, maana jua lilikuwa linazama. Akazisugua pembeni, akazifunga. Siku ya pili tukasafiri tukafika salama.

Katika kurudi, tulipokuwa tunateremka milima ya Nyang'oro kuelekea Mtera, nilianza kusikia harufu ya kitu kinachoungua. Nilipokanyaga breki gari lilivuta upande wa kushoto. Nilipokanyaga tena, kanyagio likashuka zaidi kuliko mara ya kwanza. Nikaingiza gea ndogo, nikaliacha gari lijivute lenyewe polepole mpaka tukapata mahali pa kusimama. Hakuna aliyeumia. Lakini watoto walikuwa wanalia, na mimi mikono ilikuwa inatetemeka hata sikuweza kufungua mlango.

2. SIKU NILIYORUDI DUKANI

Kesho yake asubuhi nilikwenda dukani na zile pedi mkononi. Nilimtukana yule kijana mbele ya wateja. Nilimwambia kwamba ametaka kuua watu saba. Yeye hakunijibu kwa ukali. Alisema kwa sauti ya chini:

"Mzee, leo ni siku yangu ya kumi na moja hapa. Niliambiwa nisimwache mteja aondoke mikono mitupu. Na mimi nilikuuliza, Noah ipi."

Nilitoka bila kusema neno. Baada ya juma moja nilirudi kumwomba radhi. Nikaambiwa ameachishwa kazi, kwa sababu ya yale makelele yangu. Mpaka leo sijamwona tena. Hili ndilo linalonifanya niandike somo hili.

3. KWA NINI KIJANA HAJUI?

Tusiseme upesi kwamba vijana wa siku hizi ni wavivu. Tuangalie mambo yalivyo.

Kwanza, kazi yenyewe imekuwa ngumu kuliko zamani. Wazee watakumbuka miaka ya 1970 na mwanzo wa miaka ya 1980. Magari yalikuwa machache na aina zake chache. Mtu aliyejua Land Rover alijua sehemu kubwa ya kazi. Vipuri vilikuwa adimu kwa sababu ya uhaba wa fedha za kigeni, na vingi viliingia kwa njia ya mashirika ya umma. Mtunza stoo alikaa na kitabu chake cha namba mwaka baada ya mwaka mpaka akazijua kwa kichwa. Tangu mwaka 1984, Serikali iliporuhusu watu kuagiza bidhaa kwa fedha zao wenyewe za kigeni, biashara ilianza kufunguka, na baadaye yakaja magari yaliyotumika kutoka Japani kwa wingi. Leo jina moja lina magari mengi ndani yake. Noah ya SR40, Noah ya AZR60 na Noah ya ZRR70 zote huitwa Noah, lakini ni vizazi vitatu tofauti. Basi yule kijana alipouliza "Noah ipi?" aliuliza swali ambalo hata fundi wa miaka 30 angeliuliza. Mimi ndiye niliyelizima.

Pili, mji wetu umekua upesi. Uamuzi wa kuhamishia makao makuu Dodoma ulifanywa mwaka 1973, lakini Serikali ilihamia kwa nguvu baada ya tangazo la Rais John Magufuli la mwaka 2016, na mwaka 2018 Dodoma ikawa Jiji. Magari yameongezeka, na maduka yamefunguliwa kila upande. Duka hufunguliwa kwa siku moja, lakini mjuzi wa duka hapatikani kwa siku moja.

Tatu, hakuna anayemfundisha. Nchi yetu inayo VETA, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1994, nayo hufundisha vijana ufundi wa magari na fani nyingine. Tena iko njia ya kumtambua na kumpa cheti mtu aliyejifunza ufundi kazini bila kupita darasani. Hayo ni mambo mema. Lakini cheti hakimwambii mtu kila boksi liko rafu gani katika duka hili, wala ni lipi lililorudishwa jana kwa sababu halikufaa. Hayo hufundishwa na mwenye duka, au hayafundishwi na mtu yeyote.

4. TUKUMBUKE KONGWA

Sisi wa nchi hii ya kati tunao mfano mkubwa karibu nasi. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianza mradi wa karanga pale Kongwa. Mpango ulikuwa kulima zaidi ya ekari milioni 3. Haraka ilikuwa kubwa, maana Ulaya ilikuwa na uhaba wa mafuta ya kula baada ya vita. Wakanunua matrekta makuukuu yaliyobaki vitani, mengine kutoka Ufilipino, ya aina mbalimbali, na vipuri vyake vikawa taabu kupatikana. Madereva na mafundi wengi walikuwa wageni katika kazi hiyo na walifundishwa kwa muda mfupi. Matrekta yakaharibika, yakasimama. Ukame nao na ardhi ngumu ya Ugogo vikaongeza taabu. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na kiasi cha pauni milioni 36 kikapotea.

Sisemi kwamba vipuri peke yake viliangusha mradi ule. Ila tunaona kwamba mtu akianza na haraka, akaweka kazi mikononi mwa watu asiowafundisha, hasara haimwachi hata kama anazo fedha nyingi. Je, sisi wenye Noah moja?

5. WAJIBU WA KILA MMOJA

(a) Mteja. Kabla hujatoka nyumbani fungua boneti ya gari lako. Katika magari mengi ya Japani kipo kibati kidogo chenye aina ya gari, aina ya injini na namba ya chasisi. Andika yote katika daftari au yapige picha kwa simu. Tena nenda na kipuri cha zamani mkononi, ukilinganishe na kipya palepale kaunta. Ukisema "upande wa kulia", maana yake ni kulia kwa dereva aliyeketi kwenye usukani akitazama mbele, si kulia kwako wewe uliyesimama mbele ya gari. Watu wengi wamenunua taa ya upande usio wake kwa kosa hili. Mwisho, dai risiti. Bila risiti huna njia nzuri ya kurudisha.

(b) Fundi. Kipuri kisipokaa, usikisugue mpaka kikae. Mambo ya breki na usukani si mahali pa kujaribu. Mwambie mwenye gari neno moja: "Rudisha." Na kama anakuhimiza kwa sababu ya safari, mwache akasirike. Vivyo hivyo usiongeze oili ya injini katika chupa ya mafuta ya breki kwa sababu ya haya ndiyo yaliyopo. Oili ile huvimbisha raba za ndani, na breki hushindwa kufanya kazi.

(c) Mwenye duka. Usimweke mgeni kaunta peke yake siku ya kwanza. Mweke chini ya mzoefu, apange rafu, asome maboksi, ajue namba. Mpe daftari aandike kila kipuri kilichorudishwa na sababu yake. Baada ya miezi michache daftari hilo litakuwa mwalimu mzuri. Mpeleke gereji jirani nusu siku kila juma, aone kwa macho yake beringi inakaa wapi na bushi inakaa wapi. Zaidi ya yote, umruhusu kusema "sijui". Ukimkata mshahara kila kitu kinaporudishwa, au ukimgombeza kila mteja anapoondoka bila kununua, umemfundisha kusema "itaingia". Umemnunulia uongo kwa fedha yako mwenyewe.

(d) Kijana wa duka. Mwanangu, wahenga walisema kuuliza si ujinga. Neno "Subiri mzee, sina hakika, nimpigie anayejua" halikushushi hadhi. Mteja mwenye akili atasubiri. Asiye na akili akiondoka, umemwokoa kwa hiari yake au bila hiari yake. Na ukiuliza swali lako vizuri, kisha mzee akakwambia "Noah ni Noah", usimwogope. Uliza mara ya pili.

6. NENO LA MWISHO

Ndugu zangu, kila mmoja wetu alikuwa na siku yake ya kumi na moja. Mwuguzi, mwalimu, mshonaji, karani, wote walianza bila kujua, na mtu fulani aliwavumilia. Mimi mtu huyo namkumbuka kwa jina na sura, ingawa amekwisha kufariki. Kijana yule wa duka akiulizwa leo nani alimkaribisha mjini Dodoma, atanikumbuka mimi kwa namna nyingine.

Hatusemi kwamba mteja anyamaze anapouziwa kitu kibaya. Breki mbovu ni breki mbovu, na maisha ya watu ni kitu cha kudaiwa kwa nguvu. Lakini tudai kwa mwenye uwezo wa kurekebisha, yaani mwenye duka. Tena tudai baada ya kujiuliza kwanza kama sisi wenyewe tulifanya sehemu yetu. Hasira inayomwangukia mnyonge wa mwisho pale kaunta haijatengeneza gari la mtu yeyote.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA

1. Katika habari hii walikosa watu wangapi? Mtaje kila mmoja na kosa lake.

2. Kwa nini kijana alisema "itaingia" hali hana hakika? Ni mambo gani katika kazi yako yanayowafanya watu waogope kusema "sijui"?

3. Je, unaijua aina ya gari au pikipiki yako na namba yake ya chasisi? Kama huijui, iandike leo kabla hujalala.

4. Ni nani aliyekuvumilia ulipokuwa mgeni kazini? Na wewe unamvumilia nani sasa?